Faidherbia Haiuawi na Mvua, Inauawa na Mfuko

Bapapa, bamama, na ninyi wanafunzi wa agronomia mliojibana kule nyuma, habari za mchana. Sitaeleza tena jinsi miombo inavyoisha kuzunguka Lubumbashi. Kila mmoja hapa ananunua makala, makaa ya kupikia, na anajua gunia siku hizi linatoka mbali kiasi gani. Nimeombwa nizungumzie mti wa miiba wa kupanda katikati ya mahindi, Faidherbia albida, na nitazungumzia zaidi mzizi wake. Naona wanaonifahamu wamekwisha kucheka. Chekeni, lakini mkimaliza nendeni mkakague vitalu vyenu.

Kwanza tuhakikishe tunasema mti mmoja. Pitisheni tawi hili, taratibu, linachoma. Miiba ni miwili miwili, imenyooka, na imekaa pale pale jani linapotokea. Chini mwiba umenenepa kidogo, ncha yake ni ya kahawia. Kitawi chenyewe ni cheupe-cheupe na kinakwenda kwa kona kona. Sasa shikeni la pili. Hili ni la Senegalia polyacantha, mnaufahamu, unapenda vichuguu vyetu. Miiba yake imepinda na inanasa shati. Basi, mkiona mwiba uliopinda, faidherbia haipo hapo, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake.

Mwiba ulionyooka peke yake hautoshi, maana Vachellia sieberiana nayo inao. Hapo ngojeni maua. Ya sieberiana ni vidonge vya mviringo. Ya faidherbia yamepangana kwenye kikonyo kirefu, rangi ya maziwa. Na ganda la mbegu halidanganyi kamwe: la rangi ya chungwa hadi kahawia, limejiviringa kama ganda la tufaa lililomenywa likaachwa likauke. Halipasuki lenyewe. Linaanguka zima, mbuzi na ng'ombe wanalila, na mbegu nyingi zinatoka upande wa pili zikiwa salama.

Kuna anayewaza: maneno yote haya ya nini, si useme tu akasia? Kwa sababu utauziwa kitu kingine. Tangu mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005, uamuzi ambao ulithibitishwa Melbourne mwaka 2011, jina Acacia wamebaki nalo Waaustralia. Miti yetu ya miiba imegawanywa, mingi ikaitwa Vachellia au Senegalia. Faidherbia ilikuwa imekwisha kutengwa tangu 1934 na Auguste Chevalier, aliyeipa jina la Faidherbe, gavana wa Senegali wa enzi za Wafaransa. Ugomvi wa majina waachieni wenyewe. Linalokugusa wewe ni hili: ukiomba "miche ya akasia" mjini, mara nyingi utapewa Acacia auriculiformis, ile iliyopandwa Mampu kwenye uwanda wa Bateke kwa ajili ya makala ya Kinshasa. Ni mti mzuri kwa kazi yake. Hauna mwiba hata mmoja, na kile unachokiona kama jani ni kikonyo cha jani kilichotandazika. Lakini una majani mwaka mzima, kwa hiyo mahindi yaliyo chini yake yanakosa jua. Faidherbia inafanya kinyume: mvua ikianza inapukutisha majani, kiangazi kikianza inachipua. Jua linafika kwenye mahindi, na majani yaliyoanguka yanaoza wakati ule ule mahindi yana njaa.

Ndiyo maana mwezi wa kwanza mtu anaingia shambani, anauona mti mkavu katikati ya mvua, anasema umekufa, anaung'oa. Tafadhali! Kwaruza gome kwa ukucha. Ukikuta kijani chini yake, ondoka uuache umelala. Na mche mchanga ukikataa kuvua majani miaka ya mwanzo, usinipigie simu pia. Bado mzizi wake haujafika kwenye maji.

Sasa tuje kwenye mzizi. Mti huu unaweza kuwa na majani kiangazi kwa sababu unakunywa chini sana. Mzizi mkuu unashuka wima, na kwenye udongo mwepesi umewahi kukutwa makumi ya mita chini. Mche wenye urefu wa kiganja juu ya ardhi unaweza kuwa na mzizi uliouzidi mara kadhaa. Na mnautia wapi? Kwenye sashe, mfuko mweusi wa plastiki wa sentimita kumi na tano, ile ile ya miche ya mapapai! Baada ya wiki chache mzizi unagota chini, unageuka, unaanza kuzunguka. Juu mche unapendeza, unauzwa vizuri. Unaupanda Desemba, unakua, majirani wanasifu. Kiangazi cha pili au cha tatu unakauka, au upepo unaulaza. Ung'oe uutazame: mzizi umejifunga fundo na haukushuka popote. Halafu tunaambiwa eti mti huu haupendi Katanga.

Haya, fanyeni hivi. Mfuko uwe na urefu wa sentimita thelathini, upana wa kumi, na chini uwe wazi. Upange juu ya kichanja cha mianzi au waya, sentimita ishirini kutoka chini, ili ncha ya mzizi ikitokeza ikutane na hewa ikauke yenyewe. Huna kichanja? Basi kila wiki mbili inua mfuko mmoja mmoja na ukate kwa wembe kilichotokeza. Wiki mbili, nasema, kwa sababu ukingoja miezi miwili utakuwa unakata mzizi mkuu uliokwisha kuingia ardhini, na mche utanyauka siku hiyo hiyo. Kitaluni usizidishe wiki kumi na nne. Hesabu kurudi nyuma: hapa kwetu mvua inakaa sawa kuanzia katikati ya Novemba, basi panda mbegu katikati ya Agosti, si mwezi wa tano. Anayepanda mbegu mwezi wa tano "ili miche iwe mikubwa" ananunua mafundo.

Mbegu yenyewe ina ganda gumu na haipitishi maji. Ukiitia ardhini hivi hivi, chache zitaota leo, nyingine mwakani, nyingine hutaziona. Kwa mbegu chache tumia makasi ya kucha: kata kipande cha milimita moja tu, upande ulio mbali na kitovu cha mbegu, maana kiini kiko karibu na kitovu. Ziloweke usiku mmoja. Asubuhi zilizokatwa vizuri zimevimba karibu mara mbili. Zisizovimba zikatwe tena. Kwa mbegu nyingi, chemsha maji, epua sufuria, kisha ndipo umimine mbegu ndani, maji yawe mara kumi ya mbegu, uziache humo hadi kesho yake. Epua kwanza! Wengine wanaziacha jikoni zichemke, halafu wanashangaa mbona hazioti. Wamepika maharagwe. Mbegu yenye kitundu cha duara itupe, fukusi amekwisha kula ndani.

Siku ya kupanda, kama chini ya mfuko kuna mzizi uliojipinda, kata sentimita mbili za mwisho pamoja na udongo wake, bila huruma. Shimo la sentimita arobaini kwa arobaini linatosha, lakini chukua mtarimbo na uvunje chini ya shimo. Na kabla ya shimo la kwanza chimba moja la majaribio, mita mbili. Ukigonga lile jiwe jekundu la laterite kwenye sentimita sitini, funga mizigo, panda kitu kingine hapo. Hakuna mbolea wala maombi yatakayoupitisha mzizi. Udongo wa mto, ule wenye mchanga na kina, kama kando ya Luapula kule Kasenga, huko ningeanza.

Mkubwa mmoja ananitazama kama anasema: kazi yote hii kwa faida gani? Wazambia, ambao unga wao tunaupikia bukari, ugali wetu, kila siku, walipima mwaka 2008. Mahindi yasiyo na mbolea karibu na faidherbia yalitoa wastani wa tani 4.1 kwa hektari, na nje ya kivuli tani 1.3. Namba hiyo inapendwa kwenye mikutano, na mimi huwa naipunguza makali. Ile ni miti mizima, si miche. Tena huenda baadhi ya miti iliota pale kwa sababu udongo ulikuwa mzuri tangu mwanzo, na ng'ombe wanaopumzika kivulini wanaacha samadi. Kwa hiyo ukipanda mwaka huu usitegemee tani nne mwaka ujao. Ngoja miaka kumi na tano, ishirini. Ukipanda mita kumi kwa kumi unapata miti mia moja kwa hektari, na katikati unaendelea na mahindi, karanga na maharagwe yako kama kawaida. Anayetaka makala ya haraka arudi kwa ile ya Mampu, sitamzuia.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya vinundu vya nitrojeni kwenye mizizi, tuache. Mbuzi: wanapenda majani haya mabichi kupita kiasi, kwa hiyo kila mche uzungushie matawi ya miiba hadi uwapite urefu. Kupogoa: bakiza shina moja, ondoa matawi ya chini yasizidi theluthi moja, kisha uokote miiba yote, maana ikikauka inatoboa ndala na hata mpira wa baiskeli. Na moto. Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba watu wanachoma nyika, na mche wa mwaka mmoja ukipitiwa na moto unarudi chini kabisa, ukiwa na bahati. Mwezi wa tano, kabla nyasi hazijakauka, palilia mita moja kuzunguka kila mche hadi ubaki udongo mtupu, na ukingo wa shamba ulime ukanda wa mita tano. Mbegu ziko pale mezani kwenye bahasha. Makasi ya kucha mtajinunulia wenyewe.