Hotpoti ya Mama Mkwe Ndani ya Treni ya Ravenna

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Zuhura hapa, jikoni kwangu Bologna, mlango nimeupiga ufunguo ili watoto wasituvamie kama wiki iliyopita.

KAZUNGU: Na Kazungu wenu niko Verona. Dada, leo tusizungushe maneno, nina shifti ya saa nane kule ghalani. Ulinitumia ujumbe, una masomo matano ya kupanga safari ya treni ya siku moja na familia.

ZUHURA: Matano kamili, nimeyaandika nyuma ya risiti. Jumamosi tulikwenda Ravenna. Mimi, Baba Jamali, Jamali mwenyewe, Salma, na mama mkwe. Wanaotufuata wanajua, mama yuko kwetu tangu mwezi uliopita, ametoka Tanga.

KAZUNGU: Mfikishie shikamoo yangu.

ZUHURA: Itafika, sasa hivi amepumzika. Somo la kwanza: panda treni ya mkoa, ile wanayoiita regionale. Hizi za kasi bei zake ni kama soko la samaki, zinapanda na kushuka, na familia ya watu watano ikichelewa kununua inaumia. Ya mkoa nauli ni ileile, ununue leo au dakika tano kabla. Chini ya miaka minne hawalipi, kuanzia minne mpaka 12 hawajatimiza ni nusu. Bologna mpaka Ravenna ni kama saa moja na robo. Namba ya kiti hakuna, unakaa panapokuwa wazi.

KAZUNGU: Na tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye ile mashine kabla hujapanda. Ndugu zetu wengi wamelizwa faini hapo.

ZUHURA: Wewe umenimalizia somo. Na kama iko kwenye simu, ufanye ile check-in, kuithibitisha tiketi. Sasa nilitaka niingie la pili, lakini kwanza nikwambie habari ya hotpoti.

KAZUNGU: Hotpoti gani tena?

ZUHURA: Kazungu, alfajiri naamka kuandaa mikate ya watoto, nakuta jiko linanukia bizari na iliki. Mama ameamka kabla ya adhana ya kwenye simu yangu. Amepika pilau. Amepakia kwenye hotpoti, ile kubwa ya lita tano, nyekundu, yenye maua ubavuni. Ameitoa Tanga! Kwenye ndege aliipakia nguo ndani isipotee nafasi.

KAZUNGU: [kicheko] Ya lita tano kwenda kuangalia mozaiki, zile picha za vijiwe vya rangi!

ZUHURA: Ameifunga kanga juu, fundo mbili. Chupa ya chai ya tangawizi pembeni. Kachumbari kwenye kopo la aiskrimu. Ananiambia, "Mwanangu, safari bila chakula ni kufukuzwa."

KAZUNGU: Na wewe ukasemaje?

ZUHURA: Mkwe wangu nitamwambia nini? Nilisema, "Ahsante mama, umetuokoa." Baba Jamali akaangalia dari.

KAZUNGU: Hapo ndipo mpango wako ulipovunjika, kabla hata ya kutoka nyumbani.

ZUHURA: Subiri. Tumefika kituoni, mama akaiona ile saa ya ukutani nje, imesimama saa nne na dakika 25. Akasema, "Wazungu na ujanja wao wote, saa mbovu hawatengenezi?" Jamali ndiye aliyemjibu, shuleni wanafundishwa. Akamwambia, bibi, saa hii imeachwa hivyo makusudi. Bomu lililipuka hapa tarehe 2 Agosti 1980, watu 85 wakafa, na ndio wakati wenyewe. Mama akaweka hotpoti chini, akawaombea dua papo hapo, watu wanatupita na mabegi.

KAZUNGU: Hiyo nimeipenda.

ZUHURA: Basi tukapanda. Hotpoti ikapewa kiti.

KAZUNGU: Kiti?

ZUHURA: Dirishani. Watu wanaingia njiani, Imola, wanasimama, hotpoti imekaa. Nikaona aibu, nikaipakata. Joto lake likanipita mpaka kwenye mapaja. Na harufu, Kazungu! Behewa zima lilijua kuna pilau. Kuna bibi mmoja wa Kiitaliano mbele yetu akavuta pumzi, akauliza, "Cannella?" Mdalasini huo. Mama Kiitaliano hajui, lakini alijua anasifiwa. Akafungua fundo la kwanza.

KAZUNGU: Usiniambie.

ZUHURA: Nikamshika mkono. Nikamwambia mama, bado, mpaka tufike.

KAZUNGU: Mngekula wote behewani, mambo yaishe. Sikia, mimi nimekulia Malindi, Kiitaliano nimekijua ufukweni kabla sijajua kuandika barua rasmi. Wale wageni walikuja kwetu na tambi zao kwenye masanduku! Kwa hivyo siwezi kumcheka mama. Lakini swali langu ni hili: Ravenna kuna piadina. Ule mkate bapa wao, wa moto, na ile jibini laini, squacquerone, na majani ya rucola. Mtu anafika eneo hilo la Romagna haonji piadina?

ZUHURA: Piadina ni chapati iliyokosa mafuta.

KAZUNGU: Weee! Chapati ina tabaka. Piadina haina. Usitukane vyote viwili.

ZUHURA: Halafu mafuta yenyewe ni yapi? Kiasili wanakandia strutto, mafuta ya nguruwe. Wasikilizaji Waislamu, hili ni la maana kuliko masomo yangu yote: uliza kwanza. Zipo zinazokandwa kwa mafuta ya zeituni, unasema "all'olio d'oliva", wanakuelewa. Mimi nauliza. Lakini mama haamini jibu la mtu asiyemjua, na sitamlaumu.

KAZUNGU: Hapo sina neno. Haya, mmefika. Mliona nini?

ZUHURA: Tulianza kanisa la Sant'Apollinare Nuovo kwa sababu lipo karibu na kituo. Hapa Jamali alinifurahisha. Ukutani juu kuna picha ya kasri la mfalme Theodoric, mozaiki tupu, nguzo na mapazia meupe. Zamani kati ya zile nguzo kulikuwa na watu, mfalme na watu wake. Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki, walipouchukua mji wakawafuta, wakajaza mapazia. Lakini fundi hakumaliza kazi. Ukitazama nguzo vizuri, kuna mikono. Mkono mtupu, vidole vimeshika nguzo, mwenyewe hayupo. Jamali aliuona wa kwanza, Salma akauona mwingine, wakawa wanagombania mikono kama wanaokota embe.

KAZUNGU: Na mama?

ZUHURA: Nje. Na hotpoti.

KAZUNGU: Nje! Na kanisa la San Vitale?

ZUHURA: Nje pia, kwenye benchi. Sasa wewe, utaingia na pilau lita tano chini ya mozaiki ya Mfalme Justiniani wa Wabizanti?

KAZUNGU: Zuhura. Kanisa limewekwa wakfu mwaka 547. Justiniani upande huu, mkewe Theodora upande ule na vito vyake, na wenyewe wala hawakuwahi kukanyaga Ravenna, walikuja kwa mozaiki tu. Mama ametoka Tanga kwa miguu yake, amefika mlangoni, halafu hakuingia?

ZUHURA: Alisema magoti yanamuuma na chakula hakiachwi.

KAZUNGU: Na lile jengo la Galla Placidia?

ZUHURA: Pale unaingia kwa zamu, kwa saa uliyoweka, na wanakupa dakika tano tu. Dakika tano na watoto wawili! Ni chumba kidogo, kiza, unadhani umeingia stoo. Halafu macho yanazoea, dari lote ni usiku wa buluu na nyota za dhahabu mamia kwa mamia. Madirisha si kioo, ni jiwe jembamba la alabasta, mwanga unaingia kama chai ya maziwa. Salma alilala chali sakafuni. Nikamwacha.

KAZUNGU: Dakika tano. Baba Jamali angeshika hotpoti dakika tano.

ZUHURA: Mama hakutaka.

KAZUNGU: Hakutaka au hamkumwambia kuna nini mle ndani? Hilo ndilo swali langu. Ulipanga nauli, ulipanga saa ya kuingia, mama hukumpanga. Ulimpeleka kama mlinzi wa mizigo.

ZUHURA: Kaka, hapo umenikosea.

KAZUNGU: Nisamehe kwa neno, lakini hoja naishikilia. Mgeni wa umri ule ndiye mwenye safari. Watoto watarudi Ravenna na shule. Mama atarudi lini?

ZUHURA: Na mimi nakwambia, mama hakuja Italia kuona Justiniani. Alikuja kuona wajukuu. Alikaa kivulini, akapiga soga kwa ishara na mwanamke aliyekuwa na mbwa, akapiga picha za nyasi, ameridhika. Wewe unataka aridhike kwa mizani yako.

KAZUNGU: Kuridhika kwa kitu usichokiona ni rahisi.

ZUHURA: Na kumlazimisha mtu mzima aone ni heshima?

KAZUNGU: Sijasema kulazimisha. Nimesema kumshika mkono.

ZUHURA: Basi hatutaelewana hapa. Niache nifike kwenye pilau.

KAZUNGU: Fika, lakini sijakubali.

ZUHURA: Usikubali. Tukala Piazza San Francesco, na ujue pale pembeni ndipo kaburi la Dante, yule mshairi mkubwa wa Kiitaliano. Alifia Ravenna mwaka 1321 akiwa uhamishoni, kwao Firenze walikuwa wamemfukuza. Baadaye Firenze wakaitaka mifupa. Watawa wakaificha! Ikapotea mpaka 1865, ikakutwa ukutani. Firenze wana kaburi tupu Santa Croce, na kila mwaka wanaleta mafuta ya taa inayowaka kwenye kaburi la huku. Na mtaa wenyewe kuna kibao, eneo la ukimya na heshima.

KAZUNGU: Nanyi mkafungua hotpoti hapo.

ZUHURA: Hatua chache nje ya kibao! Mfuniko ulipotoka, mvuke ukapanda kama treni ya makaa. Saa tano zimepita toka jikoni na bado ya moto. Tukala kwa vijiko vya plastiki, kimya kabisa, kwa heshima ya Dante. Mama akanong'ona, "Huyu marehemu walimnyima nini kwao hata asirudi?" Baba Jamali akacheka punje ya pilau ikampanda puani.

KAZUNGU: Watawa walificha mifupa, nyinyi mnaficha kachumbari.

ZUHURA: Na sasa sikiliza. Ndani ya lile kanisa la San Francesco, chini ya madhabahu, kuna chumba kimejaa maji. Unatumbukiza sarafu, taa inawaka, unaona sakafu ya mozaiki chini ya maji, na samaki wa dhahabu wanaogelea juu yake. Jamali akatoka mbio kumwita bibi. Na mama akaingia! Akainama pale dirishani mpaka taa ikazima. Akaomba sarafu nyingine. Sarafu nne, Kazungu. Akauliza, "Wanalishwa nini hawa?" Kwa hiyo usiseme hakuona kitu.

KAZUNGU: Mtu katoka Tanga, bahari iko mlangoni, kaja Italia kuona samaki.

ZUHURA: [kicheko kirefu] Wewe!

KAZUNGU: Na ngoja, hotpoti ilikuwa na nani wakati huo?

ZUHURA: ...Baba Jamali.

KAZUNGU: Aaah! Kumbe hushikika!

ZUHURA: Ilikuwa tupu! Hotpoti tupu haina ulinzi.

KAZUNGU: Basi mngekula kwanza, makanisa baadaye.

ZUHURA: Pilau saa nne asubuhi?

KAZUNGU: Kwetu Malindi mbona watu hula viazi vya karai na mbaazi alfajiri na maisha yanaendelea. Na Classe? Niambie angalau mlifika Classe. Ni kituo kimoja tu kwa treni.

ZUHURA: Hatukufika. Chakula kilichukua muda, Salma akasinzia.

KAZUNGU: Kanisa la Sant'Apollinare in Classe, dada. Kondoo wangu! Lile shamba la kijani nyuma ya madhabahu, mtakatifu kainua mikono katikati, kondoo 12 wamempangia mstari, sita huku, sita huku. Halafu juu yao kuna watatu wengine, ndio wanafunzi wa Yesu. Halafu kwenye tao wengine 12 wanatoka mijini. Ishirini na saba! Mama anafuga, si ndiyo?

ZUHURA: Mbuzi.

KAZUNGU: Angewahesabu yule. Asingeuliza sarafu wala magoti. Kondoo 27 mmewaacha kwa sababu ya hotpoti.

ZUHURA: Tumewaacha kwa sababu ya mtoto kulala.

KAZUNGU: Mtoto kalala kwa sababu ya pilau.

ZUHURA: Somo la pili, basi, kabla hujaniaibisha zaidi.

KAZUNGU: Zimebaki dakika tatu, basi langu haliningoji.

ZUHURA: La pili, tazama migomo. Treni zikigoma hutangazwa mapema, mara nyingi huangukia Ijumaa, na siku za kazi zile za mkoa huwa na saa za uhakika, saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, na vivyo hivyo jioni. La tatu lilikuwa habari ya vyoo, la nne... siwezi kusoma mwandiko wangu, pana doa la mafuta.

KAZUNGU: Ya pilau.

ZUHURA: Ya pilau. Tuyaache.

KAZUNGU: Nina wazo. Jumamosi hii nashuka Bologna, tunampeleka mama Classe. Hotpoti nitaibeba mimi, yeye ahesabu kondoo.

ZUHURA: Mama anaondoka Alhamisi.

KAZUNGU: Alhamisi hii?

ZUHURA: Keshokutwa.

KAZUNGU: ...Haya.

ZUHURA: Nilimuuliza kesho anataka kwenda wapi kabla ya kufunga mizigo. Akasema kwa wale samaki. Na ameshaloweka mchele.

KAZUNGU: Basi langu hilo. Mwambie shikamoo. Mwambie ni kituo kimoja tu mbele.

ZUHURA: Nitamwambia ukimaliza kubeba— amekata. Kwaherini jamani, naona mlango unagongwa.