Herufi Mbili Chini ya Shairi

Wakutubi wenzangu, walimu, na nyinyi wazazi mliokuja na watoto, karibuni.

Urusi kuna wimbo ambao kila mtoto huuimba sikukuu za mwisho wa mwaka zinapofika. Unasimulia msonobari mdogo uliozaliwa msituni: dhoruba ya theluji inaubembeleza ulale, sungura mwoga anarukaruka chini yake, kisha mzee anakuja na sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, na kuukata. Napenda sana hapo penye dhoruba. Baridi inayoua, yeye kaifanya mlezi!

Lakini yeye nani? Shairi lilitoka Desemba 1903 katika jarida la watoto liitwalo Malyutka, na chini yake palikuwa na herufi mbili tu: A. E. Mwaka 1905 Leonid Bekman, ambaye muziki haukuwa kazi yake, alichukua beti kadhaa akazitilia sauti kwa ajili ya binti yake mdogo. Mkewe Elena, mpiga piano, akaandika noti. Wimbo ukaenea, mwenye maneno akabaki nyuma.

Alikuwa Raisa Kudasheva, mzaliwa wa Moscow, 1878. Alifundisha watoto majumbani mwa watu, akaja kuolewa na baba wa mmoja wa wanafunzi wake, mtu wa ukoo wa kimwinyi. Hapo mapinduzi ya 1917 yakaja, na jina la kimwinyi likawa mzigo. Lakini msisahau, ndugu zangu, kwamba alijificha nyuma ya herufi zile mbili hata kabla ya mapinduzi. Sidhani ilikuwa hofu peke yake. Nadhani alitaka shairi liwafikie watoto, basi.

Baadaye serikali ya Kisovieti iliupiga vita mti wa Krismasi, ukatoweka sebuleni. Mwishoni mwa 1935 uliruhusiwa tena, safari hii kama mti wa Mwaka Mpya, na wimbo ukarudi nao. Mwaka 1941 Esfir Emden alipokusanya kitabu cha watoto kiitwacho Yolka, ndipo jina la Kudasheva likachapwa pamoja na shairi lake. Alikuwa amekwisha kupita miaka 60.

Na miaka hiyo alikuwa akifanya kazi gani? Mkutubi, kama sisi. Kila nikipanga vitabu rafuni humwaza: ni watoto wangapi walioazima kitabu mikononi mwake, wakatoka mlangoni wakiimba maneno yake?