Wateja Hawakukuchagua Wewe
(Mhadhara kwa wamiliki wa kampuni ndogo za intaneti isiyotumia waya)

Wenzangu, habari za mchana. Nadhani wengi mmekuja kusikia jinsi ya kununua kampuni ya mwenzako: bei inavyopangwa na mkataba unavyoandikwa. Hayo tuwaachie wahasibu na mawakili. Mimi nataka kuzungumzia asubuhi ya kwanza baada ya sahihi, simu inapolia na aliye upande wa pili anataka kuongea na mtu ambaye hayupo tena.

Mteja huyo hakukuchagua wewe. Alimchagua mwingine, kwa sababu zake, na pengine wewe alikuwa ameshakukataa. Kilichouzwa ni minara, redio za kurushia intaneti na orodha ya majina. Imani ya mteja haikuwemo kwenye mkataba.

Niliponunua kampuni ya mwenzetu mmoja aliyekuwa anastaafu, nilipewa jedwali lenye majina, namba za simu, vifurushi na tarehe za kulipa. Wateja 200 na kidogo. Mwezi wa pili nikaona mstari wa mteja ambaye hajawahi kulipa hata mara moja, nikamkata. Jioni akapiga simu, sauti imetulia kabisa: "Mwanangu, unajua antena zako zimesimama juu ya paa la nani?"

Alikuwa mwenye jengo. Yeye na mmiliki wa zamani walikubaliana kwa mdomo tu: weka vyombo vyako juu, mimi nipe intaneti. Wateja 35 walikuwa wanapata huduma kupitia paa lile, na mimi nimemkata mwenyewe kama mdaiwa sugu. Nilimrudishia huduma papo hapo, kisha nikaenda kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, na makubaliano yale tukayaandika mezani kwake. Lakini hebu fikirieni angekuwa mtu wa hasira.

Tangu siku hiyo sinunui kampuni kabla sijaketi na muuzaji tukapitia orodha jina kwa jina. Huyu analipa nini, na kwa nini analipa pungufu kuliko jirani yake? Nani aliahidiwa kwamba bei haitapanda? Nani amelipa mwaka mzima mbele? Hili la mwisho liulizeni kwa makini sana, kwa sababu fedha hizo ameshazipokea muuzaji na huduma utaitoa wewe. Lile ni deni, basi likatwe kwenye bei. Na sehemu ya bei ibaki mkononi mwako kwa miezi kadhaa, ilipwe kulingana na wateja watakaokuwa wamebaki. Muuzaji atapokea simu zako bila kuchoka.

Sasa taarifa kwa wateja. Jiwekeni mahali pao. Unapata ujumbe kutoka namba usiyoijua: kampuni yako imenunuliwa, kuanzia leo lipa kwenye akaunti hii mpya. Matapeli huandika hivyo hivyo! Mteja mwangalifu ataufuta, na atakuwa amefanya vyema. Kwa hiyo habari itoke kwanza kwa mmiliki wa zamani, kwa namba yake ile ile, kwa maneno yake mwenyewe: nimeuza, nimemuuzia fulani, yeye atawapigia. Wewe ufuate baadaye. Akaunti ya malipo isibadilike mwezi ule ule jina linapobadilika. Jambo moja kwa wakati. Na bei usiiguse kabisa mpaka wameona kitu kimekuwa bora.

Wengi wetu ni mafundi, na fundi akishika mtandao wa mwingine mikono inamwasha. Anataka kuunganisha wikiendi ile ile. Tangu 1996 yapo mafungu matatu ya anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani, na sote tunachota humo humo. Muuzaji alianza na anwani za 192.168.1, na wewe ulianza na 192.168.1. Ukiiunganisha mitandao hiyo kama ilivyo, vifaa viwili vinagombea anwani moja, na mteja aliyekuwa na huduma nzuri miaka mitano anapoteza mawasiliano siku uliyomtangazia kwamba mambo yatakuwa mazuri zaidi. Basi iache mitandao miwili iishi kama majirani, yenye ruta, kifaa cha kuelekeza data, katikati na anwani zisizogongana pale inapokutana, hadi uwe umepanga upya upande mmoja, mnara baada ya mnara. Na unapobadilisha mipangilio kwa mbali, anza na redio iliyo mbali zaidi, urudi ukija kwako. Ukianza na ya karibu, umejikatia njia ya kuzifikia zile za mbele, na itabidi upande ngazi nyumba kwa nyumba.

Hata hivyo, nyumbani kwa wateja inafaa kwenda, ila kwa sababu nyingine, na hapa ndipo ningependa mnisikilize zaidi. Wateja wa redio moja ya mnarani wanagawana muda wa hewani. Mwenye mawimbi hafifu, tuseme -82 dBm (kipimo cha nguvu za mawimbi; kadiri kinavyokuwa mbali chini ya sifuri, ndivyo yalivyo hafifu), hutuma data polepole, kwa hiyo kiasi kile kile cha data kinamchukulia muda mrefu zaidi, na wenzake wote wanamsubiri. Antena yake imesogezwa na upepo, au mti umekua mbele yake. Basi wiki ya kwanza toa orodha ya nguvu za mawimbi kwa kila mnara, chukua wale watano wa chini kabisa, uwatembelee. Mara nyingi hao hawajalalamika, wameshakata tamaa. Unanyoosha antena, unabadilisha kichwa cha waya kilichoota kutu, na mnara mzima unapata nafuu, hata kwa watu ambao hujaonana nao. Na yule uliyemtembelea ameona sura yako, amejua jina lako, na hakuna aliyemdai kitu. Sijaona tangazo linaloweza kufanya kazi hiyo.

Barua pepe niipitie haraka, ingawa kosa lake ni zito. Kama kampuni ile iliwapa wateja anwani za barua pepe, kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @, endelea kukilipia miaka mingi. Kikiisha muda, mtu mwingine anaweza kukisajili, akaanza kupokea barua za wateja wako, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za benki.

Na namba ya simu ya zamani msiifunge. Ile niliyoirithi ninayo hadi leo. Huwa inalia mara chache kwa mwezi, aghalabu ni wazee, na anayeipokea hutaja majina ya kampuni zote mbili kabla ya kuuliza shida ni nini. Yule mwenye paa naye hupiga humo humo, ingawa namba yangu anayo.

Naona kuna mkono huko nyuma umeinuliwa tangu nilipotaja zile anwani. Karibu, uliza.