Tuitafute kamba ya sumaku ya Januari 1997

Karibuni tena jamani. Leo tunalo wingu la sumaku, yaani donge la plasma (gesi yenye chaji) lililotoka kwenye Jua na uga wa sumaku uliosokotwa kama kamba. Lilipita kwenye Wind, chombo cha angani kinachopima upepo wa Jua, tarehe 10 na 11 Januari 1997. Kupakua data mnajua, naruka.

Tuchore uga... eh, ngoja. Grafu imelala kama mkeka! Ni hizi namba hasi zenye sufuri 31, alama ya kwamba hapo hakuna kipimo. Zifute. Haya, imeamka. Tazameni Bz, sehemu ya uga ya kaskazini-kusini: inaanza kusini, inageuka taratibu hadi kaskazini, bila papara. Uga una nguvu, protoni zimepoa. Ndiyo kamba yenyewe inapita.

Modeli tutakayoilinganisha na data ni ya Lundquist. Nimeshika kamba ya usumba hapa, mke wangu ataitafuta jioni. Katikati tuseme nyuzi zimenyooka. Ukienda nje zinazidi kujisokota. Kihesabu, uga unaofuata mhimili ni B0 (nguvu ya uga katikati ya kamba) mara J0, unaozunguka ni B0 mara J1, vitendakazi vya Bessel. Ukingo ni pale J0 inapofika sufuri, yaani ukiipa 2.405.

Sasa weka chai chini. Kupata mhimili, gawa kila vekta ya uga kwa urefu wake, tengeneza matriki ya mtawanyiko, itakupa pande tatu: wenye mtawanyiko mdogo, wa kati na mkubwa. Mhimili ni upande wa KATI. Si wenye mtawanyiko mkubwa, wa kati! Mimi nilichukua mkubwa, nikatamba wiki mbili na kamba iliyokaa mshazari. Kwenye Python tumia eigh ya NumPy kutafuta pande hizo, inapanga kuanzia mdogo. Wa kati ni namba 1 kwa kuwa inahesabu kutoka 0. Ile eig haipangi, achana nayo.

Kingine: kompyuta hukupa vekta na alama ya kujumlisha au kutoa, itakavyo. Geuza mhimili hadi uga wa katikati uwe chanya, kisha hakikisha pande tatu zinafuata kanuni ya mkono wa kulia. Usipofanya hivyo, kamba iliyosokotwa kushoto utaitangaza ya kulia. Na ni wa kati, nimesema?

Mengine ni kubonyeza: B0, nusu kipenyo, umbali chombo kilipopita kutoka mhimili, mkono wa msokoto.

Mstari mwekundu, yaani modeli, umekaa vizuri kwenye data... hadi mkiani mwa wingu. Pale umepotea. Nyuma ya wingu hili kulikuwa na plasma nzito sana, na upepo wa Jua wenye kasi unasukuma. Kamba ya Lundquist ni duara safi, haijui kusukumwa. Mimi huo mkia nauacha nje ya hesabu. Wewe ukiuingiza, tuoneshe grafu yako.