Namna ya Kutengeneza Chombo cha Kondoo Dume kwa Kalibu Mbili za Kirumi

Karibuni, watazamaji. Leo tunatengeneza chombo cha kumiminia chenye umbo la kondoo dume, kwa njia ya kalibu mbili iliyotumiwa na wafinyanzi wa Knidos, mji wa pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki ya leo, ulipokuwa chini ya Warumi.

Kwanza finyangeni kondoo mzima wa udongo, mwenye urefu wa sentimeta 15 hivi. Sufu ichoreni sasa, fundo kwa fundo, kwa ncha ya kijiti, kwa sababu kila mstari mtakaouchora utajirudia katika kila chombo kitakachotoka kwenye kalibu. Pembe zishikamane na kichwa, kwani iliyochomoza itanasa na kukatika.

Akianza kukakamaa, mlazeni ubavu, mzamisheni nusu katika udongo laini, kisha mwagieni plasta upande ulio wazi. Ikiganda, mgeuzeni, ondoeni udongo laini, chimbeni vishimo viwili ukingoni mwa plasta ili kalibu zikae palepale, pakeni sabuni na kumwaga upande wa pili. Mtoeni kondoo na mziache kalibu zikauke kabisa.

Sasa tandazeni udongo mpya wa unene wa milimita 5 na kuukandamiza ndani ya kila kalibu. Tazameni kidole gumba changu kinavyousukuma hadi kwenye pua. Ukipitisha mkono juujuu, kondoo atatoka bila uso. Kwaruzeni kingo, zipakeni uji mzito wa udongo, fungeni kalibu kwa kamba na kusubiri udongo uachane na plasta. Mshono utakaobaki mgongoni ulainisheni kwa kidole chenye maji, ingawa mafundi wa kale hawakuhangaika nao kila mara.

Toboeni mgongo kabla ya kubandika shingo na mshikio. Kondoo wangu wa kwanza nilimbandika shingo bila kumtoboa, mvuke ukakosa njia, akapasuka vipande tanurini.

Mwisho, mchovyeni katika uji mwepesi wa udongo wenye chuma, akauke siku kadhaa, kisha mchomeni kwa nyuzi 900 hivi katika tanuri linalopitisha hewa ya kutosha, ndipo atakapopata wekundu. Wafinyanzi wa Gaul, eneo la Ufaransa ya leo, walipaka vyombo vyao vya wanyama rangi ya kung'aa yenye madini ya risasi, na baadhi yake vilizikwa na mtoto huko Colchester, Uingereza. Hilo msiliige, kwani risasi ni sumu. Tanuri msilifungue hadi lipoe.