Swali Namba Ngapi? Namna ya Kufuatilia Majibu ya Mawaziri Bungeni

Mhadhara kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji wa kata na wanafunzi, Dodoma

Ndugu wenyeviti, watendaji, walimu, vijana wetu wa vyuo, na wazee wangu mliokaa hapa mbele: mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo.

Nimeombwa nizungumzie kipindi cha maswali na majibu Bungeni, hasa maswali ya ulinzi, ya urithi wetu na ya ustawi wa jamii. Sisi tunaishi mji mmoja na Bunge. Wapo humu wanaopita mbele ya geti lile kila siku ya Mungu. Lakini uliza mtaani waziri alijibu nini kuhusu eneo lenu mwaka juzi, utaambiwa, "Alisema watalishughulikia." Alisema nani, lini, katika swali namba ngapi, hakuna anayejua. Hapo ndipo tunapopotezea haki zetu, na ndipo ninapotaka tukae leo.

Katiba yetu, ibara ya 63(3)(a), inalipa Bunge madaraka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma katika Jamhuri ya Muungano ambayo yako katika wajibu wake. Waziri yeyote, swali lolote. Kwa hiyo anaposimama kujibu hamfanyii mbunge hisani, wala hawafanyii hisani wapiga kura wake. Anatimiza wajibu wa kikatiba.

Mwenendo wenyewe mnaujua kwa kuusikia. Dua inasomwa, Katibu anataja shughuli, maswali yanaanza. Swali la msingi liliwasilishwa mapema kwa maandishi, na wizara ilishakaa na wataalamu wake ikaliandalia jibu. Mara nyingi anayesimama ni Naibu Waziri, anajibu kwa niaba ya Waziri, "kama ifuatavyo". Kisha mbunge anasimama tena: "Naomba kuuliza maswali mawili ya nyongeza." Hapo ongezeni masikio. Jibu la msingi limepitiwa na watu wengi na limepigwa pasi. Jibu la nyongeza linatoka kinywani, na ndiko ahadi nyingi zinakotolewa: kwamba timu itatumwa, kwamba fedha zimetengwa, kwamba Naibu Waziri yuko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge hadi jimboni baada ya Bunge. Msomaji anayeishia kwenye jibu la msingi ameacha nusu ya mali yake. Yote hayo yanaingia kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard, na swali lina namba yake.

Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama, wengi tuliumia, na tulikuwa na haki ya kuumia. Hata hivyo matangazo hayakuwahi kutosha. Mtu hawezi kwenda ofisi ya halmashauri akasema "nilimsikia kwenye televisheni". Akienda na ukurasa wa Hansard wenye tarehe, anasikilizwa kwa namna nyingine.

Sasa tuje kwenye ulinzi. Watu wengi wanaogopa eneo hili. Wanadhani neno "jeshi" likitajwa, swali limekwisha. Ni kweli yapo mambo yasiyosemwa ukumbini: idadi ya askari, silaha, mipango ya vita. Hayo yana Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na yana Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ambayo hukaa faragha inapobidi. Mimi siyagusi. Lakini hebu angalieni wabunge huuliza nini hasa kwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Wanauliza mpaka wa kambi na kijiji uko wapi. Wanauliza vijana wa JKT wanachaguliwaje. Wanauliza fidia. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni siri ya vita.

Mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Watu walikufa, nyumba zikabomoka. Madai ya fidia yaliendelea kuulizwa Bungeni miaka mingi baadaye, na kila aliyeuliza aliuliza kwa sababu kulikuwa na mama mahali fulani ana karatasi ya tathmini mkononi na hajui aende nayo wapi.

Na sisi hapa Dodoma tujue hili linatuhusu. Makao makuu ya nchi yanajengwa, na Ulinzi nao wamekuja, Kikombo mnaiona. Makutupora kuna kambi ya JKT ya siku nyingi. Ardhi inatwaliwa kwa manufaa ya umma, na mimi siipingi haki hiyo ya Serikali. Ninachotaka ni mwananchi aijue haki yake.

Nichukue jibu la mfano. Nimelitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo mliouzoea: "Mheshimiwa Spika, uthamini wa eneo hilo umeshafanyika, na wananchi watalipwa fidia kwa kadri fedha zitakavyopatikana." Makofi, tunasonga mbele. Je, hapo tumejibiwa? Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, inaanza kuzaa riba. Ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini ule umekufa, lazima ufanyike upya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo katika jibu lile kinachokosekana ni tarehe. Uthamini uliidhinishwa lini? Mbunge mwenye tarehe hiyo mfukoni atauliza swali la nyongeza ambalo haliwezi kujibiwa kwa "fedha zitakapopatikana". Atauliza: riba ya wananchi hawa imeanza kuhesabiwa lini, na iko kwenye bajeti ya mwaka upi? Na tarehe hiyo mbunge ataipata kwa nani? Kwenu ninyi wenyeviti. Fomu za uthamini zimepita mikononi mwenu, mmeziwekea mihuri. Ninawaomba kwa dhati: msizitoe bila kubaki na nakala.

JKT nitaipitia haraka. Ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mafunzo ya mujibu wa sheria yakasimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013. Swali linalorudi kila mkutano ni la vijana wanaomaliza mafunzo ya kujitolea bila ajira. Ni swali la haki, lakini likiulizwa kwa jumla hujibiwa kwa jumla. Ulizeni la wilaya yenu, kwa mwaka mmoja unaotajwa.

Urithi ni eneo ninalolipenda zaidi, mtanivumilia nikikaa kidogo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ukienda Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, ukapanda mwamba hadi Mongomi, unaona watu wembamba wa rangi nyekundu, wanyama, na juu yake wakati mwingine michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye. Na mwamba ule haujafa: wenyeji wanapanda kufanya matambiko, kuomba mvua, kutafuta uponyaji. Swali la urithi wa Kondoa kwa hiyo lina pande mbili, ulinzi wa michoro na haki ya wenye matambiko yao. Mbunge akiuliza tu "Serikali ina mpango gani wa kutangaza michoro ya Kondoa", atajibiwa kuhusu maonesho na vipeperushi. Akiuliza walinzi wangapi wako Kolo, na mapato ya wageni yanarudije kijijini, hapo wizara itabidi ifungue majalada.

Kisha kuna Kongwa. Tangu miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na kambi pale: FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA. Mambo ya kale, kwa Sheria ya mwaka 1964, yako Maliasili na Utalii. Urithi wa ukombozi umekuwa ukisimamiwa na wizara yenye utamaduni. Majengo yaliyotumika mengine yako mikononi mwa taasisi nyingine kabisa. Swali likienda wizara isiyo yake, linarudi na jibu lisilo na mwenyewe. Kabla hamjampa mbunge swali, jueni mlango wake.

Na yule mjusi mkubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru. Wajerumani walichimba kule Lindi kati ya 1909 na 1913, wakapeleka tani zipatazo 250 za mifupa, na vibarua wetu ndio waliochimba, wakaibeba kichwani hadi bandarini. Leo mifupa imesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13 na ushei. Wabunge wameuliza mara kwa mara atarudi lini. Majibu yameegemea gharama, ugumu wa kumsafirisha na kumtunza, na ushirikiano na Ujerumani. Mimi sikubali gharama iwe mwisho wa mazungumzo. Kama ni ushirikiano, basi tuulize makubaliano yamesainiwa lini, Watanzania wangapi wanasomeshwa elimu ya visukuku, Lindi inajengewa nini.

Walio na shaka kama ufuatiliaji unazaa matunda wakumbuke fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu hilo ndani ya miezi 6. Lilifika Kalenga mwaka 1954, na hata hapo ni kwa sababu Gavana Twining aliamua kulitafuta hadi Bremen. Maandishi yalikuwepo, tarehe ya mwisho ilikuwepo, na bado ilibidi apatikane mtu wa kuling'ang'ania.

Ustawi wa jamii una maswali mengi kuliko yote, na ndiyo yanayosahaulika upesi. Nitaje mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, inaruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Tangu hapo wabunge wameuliza, na majibu yametaja kukusanya maoni ya wadau. Binti aliyekuwa na miaka 14 siku ya hukumu ya rufaa alitimiza 18 tukiwa bado tunakusanya maoni. Swali hili ninaona aibu kubwa kulisikia likirudi, na nitaendelea kuwaomba wabunge walirudishe.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Hapa swali linaanzia kwa diwani wako kabla halijafika kwa waziri. Halmashauri ina vikao, ina kumbukumbu, na iko karibu.

Mzee mmoja ameniuliza, wakati wa chai, mbunge akiondoka kwenye uchaguzi swali lake linakwenda wapi. Swali linabaki kwenye Hansard, Mzee, lakini mtu wa kulikumbuka huwa hayupo tena. Mbunge mpya anaingia na mambo yake, na naibu waziri mpya vilevile. Ahadi ya kuongozana hadi jimboni inakosa wote wawili, aliyeahidi na aliyeahidiwa. Kwa hiyo kila ofisi ya kata iwe na daftari moja la kawaida: tarehe, namba ya swali, jina la wizara, alichosema waziri, na kilichotokea baada ya miezi 6. Mbunge mpya akija kuwashukuru wapiga kura, mtendaji asimame na daftari hilo, amsomee maswali ya mtangulizi wake ambayo majibu yake hayajatekelezwa, kisha amwombe ayapeleke upya kwa kutaja namba zilezile.