Laki saba na nusu za kupunguza mwili: zinanunua nini?

GASPER: Karibuni tena. Mimi Gasper, niko na dada Mwanaidi. Leo hatuzunguki. Tumeletewa ujumbe na msikilizaji wetu mmoja, mama wa watoto wawili, yuko Tabata, Dar es Salaam. Kliniki moja hapa mjini imemwahidi kumpunguza kilo kumi kwa wiki mbili. Bei laki saba na nusu. Anauliza alipe au asilipe.

MWANAIDI: Asilipe. Sababu nitazitoa, lakini nataka jibu alisikie kwanza, maana ameandika kwamba hela hiyo anaikopa kwenye kikoba. Mkopo wa kikoba una riba na una macho ya watu. Kilo zikirudi, deni liko palepale.

GASPER: Haya, tupe sababu.

MWANAIDI: Tufanye hesabu, kaka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kama kalori 7,700, hizi kalori tunazoziona kwenye pakiti za vyakula. Kilo kumi ni 77,000. Gawa kwa siku 14, unapata 5,500 kila siku. Sasa mama wa kawaida, anayefanya kazi za nyumbani na kutembea kidogo, mwili wake unatumia kama 2,000, pengine 2,200 kwa siku. Kwa maana hiyo hata akae wiki mbili hajatia kitu mdomoni, mafuta yatakayoondoka ni kilo nne hivi. Hizo kilo sita zilizobaki kliniki inazitoa wapi?

GASPER: Lakini watu wanapungua kweli. Wanapanda mizani mbele ya kamera, namba imeshuka.

MWANAIDI: Imeshuka, sibishi. Ni maji. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya wanga huo inatunzwa pamoja na kama gramu tatu za maji. Ukikatiwa ugali, wali, chapati, vyote kwa mpigo, akiba inaisha ndani ya siku chache na maji yake yanatoka. Mizani inashuka kilo mbili, tatu. Halafu wanakupa chai ya kupunguza tumbo. Nyingi ya hizo chai zina sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu walitupa tukikosa choo. Unaharisha, maji yanazidi kutoka. Wanakufunga nailoni tumboni, wanakuingiza kwenye mvuke, unatoka jasho. Yote hayo mizani inayasoma kama kupungua. Ukirudi kula kawaida, wiki moja tu maji yamerudi mahali pake, na wewe unajilaumu huna nidhamu. Hapo ndipo panaponiuma. Mtu analipa, anadanganywa, kisha anajichukia.

GASPER: Na kuna zinazozidi sanamaki.

MWANAIDI: Zipo, na hili naomba msikilize vizuri. Kuna dawa iliitwa sibutramine, ilikuwa ya kupunguza hamu ya kula. Utafiti mkubwa ulionyesha inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Lakini hadi leo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zinaikuta imechanganywa kimyakimya ndani ya kahawa, chai na vidonge vya kupunguza uzito vilivyoandikwa "mimea asilia". Kwa hiyo ukinywa chai ya kupunguza mwili, halafu moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, usingizi hauji na njaa imekatika ghafla, acha hiyo kitu. Nenda kwa daktari na ubebe na pakiti yake.

GASPER: Mimi sasa nisimame upande wa pili kidogo. Nisingependa msikilizaji aondoke akidhani kila anayetoza hela kwa ajili ya uzito ni tapeli. Kuna ushahidi kwamba huduma za kulipia zinasaidia, tena wakati mwingine kuliko za hospitali.

MWANAIDI: Ushahidi upi?

GASPER: Uingereza, mji wa Birmingham. Walichukua watu 740 wenye uzito mkubwa wakawagawa. Wengine walipelekwa kwenye vikundi vya kampuni za biashara kama Weight Watchers na Slimming World, wengine wakahudumiwa kwenye zahanati na maduka ya dawa, na kundi moja la kulinganishia likapewa vocha 12 tu za kuingia bure kwenye kituo cha mazoezi. Wiki 12. Matokeo yalitoka 2011. Baada ya mwaka mmoja, wale wa zahanati na maduka ya dawa hawakuwa na upungufu wa maana, na huduma yao ndiyo iliyokuwa ghali zaidi kuiendesha. Wa Weight Watchers peke yao ndio waliowazidi kwa uhakika wale wa vocha.

MWANAIDI: Nakubali. Ila waeleze watu hao Weight Watchers walikuwa wanauza nini. Hawakuwa na mashine wala sindano. Ni mkutano wa kila wiki, unapima uzito, unaeleza wiki yako ilivyokwenda, wenzako wanasikiliza, mwongozaji anakusaidia kupanga chakula.

GASPER: Ndiyo, na ilianza hivyo hivyo. Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, alikuwa anawaita marafiki zake nyumbani kwake wazungumze kuhusu kula. Mwaka 1963 ikawa kampuni.

MWANAIDI: Basi hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Kinachofanya kazi ni mtu anayekufuatilia, kwa muda mrefu. Kuna utafiti mwingine Uingereza, ulitoka 2017, watu zaidi ya 1,200. Kundi moja walipewa kijitabu na maelekezo mafupi, la pili wakalipiwa vikundi kwa wiki 12, la tatu mwaka mzima. Mwaka ulipoisha, wa kijitabu walikuwa wamepungua kilo tatu na kidogo, wa wiki 12 karibu tano, wa mwaka mzima karibu saba. Mwaka wa pili wote walirudisha sehemu, lakini wale wa mwaka mzima bado walikuwa mbele. Programu ile ile, kilichotofautiana ni muda.

GASPER: Kilo saba kwa mwaka. Ukimwambia mtu hivyo Instagram hakupi hata senti.

MWANAIDI: Hakupi, na mimi nahuzunika, kwa sababu kilo saba ni nyingi sana kwa afya. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wao wa kuzuia kisukari. Zaidi ya watu 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja likapewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 95, asilimia 7 ni kilo sita na nusu na kidogo tu. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, zaidi hata ya waliopewa metformin, vidonge vya kisukari. Na kila mmoja alikuwa na mwalimu wake, masomo 16 kwenye miezi sita ya mwanzo, wanakaa wawili, wanaongea. Mwalimu anamjua kwa jina, anajua anapika nini.

GASPER: Kwa hiyo unachosema, hela ikilipa mwalimu sawa, ikilipa mashine hapana.

MWANAIDI: Sawa kabisa. Na hata huko kwenye kampuni kubwa kubwa, si zote zina ushahidi. Mwaka 2015 watafiti walipitia programu 32 kubwa za kibiashara za Marekani, wakakuta 11 tu ndizo zilizowahi kupimwa kwa majaribio ya maana. Marekani hiyo, penye mamlaka zinazofuatilia matangazo. Sasa jiulize hizi za kwetu za kufunga nailoni nani amezipima.

GASPER: Tuje kwenye sindano za kupunguza uzito, maana huko ndiko hela inakokwenda sasa. Jenny Craig, kampuni nyingine kubwa ya kupunguza uzito Marekani, walifunga vituo vyao 2023. Weight Watchers wenyewe walinunua kampuni ya kuandikia watu sindano, na bado Mei 2025 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao. Na hapa Dar nasikia kliniki zinachoma.

MWANAIDI: Sindano zenyewe zinafanya kazi, nisidanganye watu. Semaglutide, ile inayouzwa kama Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa uzito: kwenye jaribio lililotoka 2021, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68, na waliopewa sindano ya maji matupu asilimia 2 na kidogo. Hakuna chai itakayokupa hiyo. Lakini walipoacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo anayekuuzia "kozi ya mwezi mmoja" ya sindano anakuuzia mwanzo bila mwisho. Ni kama kumpa mwenye presha vidonge vya mwezi mmoja na kumwambia amepona.

GASPER: Na za bandia.

MWANAIDI: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya huko, usichomwe na mtu asiyeweza kukuonyesha boksi, nambari ya toleo, na cheti cha daktari aliyekuandikia. Tanzania uliza kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa. Wasikilizaji wa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu. Na mtu anayejiita mtaalamu wa lishe Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na taasisi yao ya KNDI. Muulize, si utovu wa adabu. Ni hela yako na mwili wako.

GASPER: Nina jambo lingine. Huku kwetu, mtu akipungua anaulizwa, "Vipi, unaumwa?" Akinenepa anaambiwa amenawiri. Nadhani kliniki zinauza pia faragha. Mtu anakwenda kulipa mahali ambapo hatahukumiwa.

MWANAIDI: Hilo ni kweli, na limenigusa kwa huyu mama. Ameandika kwamba nyumbani hakuna anayemwelewa. Mume anamwambia yuko sawa, dada zake wanasema ataonekana mgonjwa. Watu waliouguza ndugu miaka ile ya tisini, enzi za UKIMWI, wanajua kukonda kulikuwa na maana gani mtaani, woga huo haujaisha. Ndiyo maana namwambia asitafute mashine, atafute watu.

GASPER: Atawapata wapi bila kulipa?

MWANAIDI: Mbona anao? Kikoba chao si wanakutana kila wiki? Wanunue mizani moja kwa michango. Wanaotaka wapime kabla ya kikao, mmoja aandike kwenye daftari lake, na namba ya mtu isitoke nje ya hapo. Wakubaliane soda iondoke mezani. Chupa moja ya mililita 350 ina kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Na mafuta ya kupikia wayapime kwa kijiko, wasimimine. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120, na mboga ya nyumba nyingi inapikwa kwa vijiko vitano, sita.

GASPER: Na vikundi vya jogging. Dar hii kila mtaa Jumamosi asubuhi unawaona na fulana zao.

MWANAIDI: Wapo, na wengi wanaanza kwa kutembea. Mchango wao hauko karibu na laki saba. Halafu, kabla ya chochote, aende hospitali ya wilaya apime presha na sukari, aombe kuonana na afisa lishe. Watu hawajui kwamba yupo. Anakaa na wewe, anakuuliza unakula nini, anakupangia kwa vyakula vya sokoni Buguruni. Tatizo ni kwamba mmoja anahudumia watu wengi, hawezi kukufuatilia kila wiki. Ufuatiliaji huo ndio utoke kwenye kikundi.

GASPER: Sasa yule ambaye kikundi hakitamtosha? Nina ndugu ana kilo 130 na ushee, kisukari tayari, magoti hayambebi.

MWANAIDI: Huyo ni mwingine, na nisingemwambia asilipe. Huyo anahitaji daktari. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila wanaweka puto tumboni ili ushibe mapema, zipo dawa, na upo upasuaji. Hela inatoka, ndiyo, lakini inanunua tiba ya ugonjwa. Swali la kuuliza ni lile lile: baada ya miezi sita nitakuwa naonana na nani? Puto halikai milele, linatolewa. Kama hakuna mpango wa baada ya puto, usilipe la puto.

GASPER: Kwa huyu mama wa Tabata, uzito hajautaja, ila anasema anatembea vizuri na presha haina shida.

MWANAIDI: Basi mkopo auache kwenye kikoba. Na kama lazima atoe hela, kila akitakiwa kulipa mwanzo kwa mkupuo, akatae. Aombe kulipa kwa mwezi. Kliniki inayojiamini kwamba utarudi mwezi wa pili haikukabi laki saba na nusu mlangoni.

GASPER: Mama, umesikia. Tuandikie kikao kijacho kikiisha, utuambie wangapi walikubali kupanda mizani. Tutausoma ujumbe wako hapa, bila jina.